Mgomba Uliovaa Shati la Shule

Tobia alikuwa ameongea habari za kifo miaka mingi, tena mbele ya vipaza sauti na glasi za maji, hata akasahau kwamba kifo nacho kina masikio. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu katika kisiwa kimoja cha Karibi, mbali kabisa na Mgwashi, huko Usambara, alikozaliwa, na kazi yake ilikuwa kufundisha fasihi ya wajukuu wa wale waliosombwa kutoka Afrika. Kitabu kilichompa jina kilikuwa na sura moja ambayo watu hawakuchoka kumwomba aisome. Humo alieleza walivyofanya wazee wa Usambara mtu wao alipokamatwa na wauza watumwa akateremshwa pwani. Walimngoja. Walipochoka kungoja walikata mgomba, wakauvalisha nguo yake, wakaulilia, wakauzika, wakaanua matanga. Kwa hiyo, alisema Tobia, mtu yule alikuwa bado anapumua ndani ya merikebu huku kwao ameshazikwa. Na hadithi na mashairi yote ya visiwani ni sauti za watu waliofanyiwa mazishi kabla ya kufa.

Hoja ilikuwa tamu, na watu walisimama wakaipigia makofi. Siku moja mama mmoja mtu mzima wa kisiwani, mwanafunzi wake, aliinua mkono akauliza: sasa huyo mtu akirudi, ule mgomba hufanywaje? Tobia alijibu kwa madaha kwamba hakuna aliyerudi, kwa hiyo swali halina mwenyewe. Ukweli ni kwamba hakujua. Habari ya mgomba aliipata kwa mama yake siku walipokuwa wakipukuchua maharage, naye hakumuuliza zaidi. Kitabuni akaandika tu kwamba wazee husimulia, na mstari uliofuata akaandika kwamba mila hiyo imekwisha. Wasomi ndivyo walivyo. Wakishaandika kwamba jambo limekwisha, hulikasirikia jambo likiendelea.

Sasa alikuwa anarudi, na safari hii si kwa ajili ya kitabu. Alikuwa anamtaka mama yake. Alipoondoka alipiga simu kila Jumapili, baadaye kila Krismasi, kisha kikaja kile kimbunga. Bahari ilipanda hadi ghorofa ya pili ya jengo alilopanga na majirani zake wote wakafa maji. Yeye aliokotwa juu ya paa, hajitambui, akalazwa hospitali miezi na miezi akipumuliwa na mashine. Madaktari walikuwa wameshakata tamaa. Halafu Jumamosi moja ya kuamkia Pasaka, hospitali ikiwa kimya, aliketi kitandani mwenyewe akaomba maji, hana kovu wala mchubuko. Muuguzi wa zamu alisimama mlangoni muda mrefu kabla hajathubutu kumsogelea.

Angeweza kupiga simu nyumbani siku ile. Hakupiga. Simu yake ilikuwa imeliwa na maji, namba hakuwa nazo kichwani, kazi zilimngoja, na aibu ya kuchelewa ikazaa kuchelewa zaidi, hata miaka ikapita. Alichokitamani sasa ni kitu kidogo tu: ampe mama yake shikamoo, naye mama amwitikie marahaba. Vitabu vyote alivyoandika angevitoa kwa neno lile moja.

Mjini Soni, njiani kwenda kwao, alimkuta Abrahamu, waliyesoma naye darasa moja, akiosha karoti kwenye beseni pembeni ya barabara. Tobia alimwita kwa jina la utani la shuleni na kumnyooshea mkono. Abrahamu alimtazama usoni, akamtazama miguuni, akafuta mikono yake kwenye suruali pole pole, lakini mkono hakuupokea. Alimuuliza kama ameshapita kwao. Tobia akasema bado.

“Basi pita kwanza,” Abrahamu alisema. “Ukitoka huko salama, tutasalimiana.”

Kisha akainama kwenye beseni akaanza kuziosha tena karoti alizokwisha kuziosha. Tobia alidhani ni kinyongo cha mtu aliyebaki nyumbani, akamsamehe kimoyomoyo, kwa sababu watu waliosafiri hupenda kusamehe wasiosafiri.

Mwenye bodaboda hakuwa mtu wa kwao na hakumjua, ndiyo maana alimpakia. Ukungu uliwakuta Bumbuli. Walipofika Mgwashi ulikuwa umeshafunika mashamba yote ya chai, ikabaki barabara na sauti za kuku. Tobia alishuka karibu na kanisa akalivuta begi lake kwa mkono, magurudumu yakigonga mawe. Njiani alikutana na akina mama watatu wenye mizigo ya kuni. Aliwajua wote. Mmoja alimfundisha shule ya Jumapili.

“Shikamooni, mama zangu,” alisema.

Walishuka mtaroni kumpisha. Kila mmoja alivuta kanga akafunika mdomo, na hakuna aliyeitikia. Huku milimani shikamoo haiachwi ikaanguka chini. Hata mtoto wa adui yako akikuamkia, utasema marahaba kwanza, ugomvi utafuata baadaye. Tobia aligeuka nyuma akawaona bado wamesimama mtaroni, wamempa mgongo, wakingoja afike mbali. Kwa mara ya kwanza tangu atue uwanja wa ndege aliogopa.

Nyumba yao ilikuwa ile ile ya matofali, ila mabati yameshika kutu. Mdogo wake, Marta, alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani. Alimwona kaka yake akitokea kwenye ukungu na begi lake, akaitua ndoo chini bila kumwaga hata tone.

“Simama hapo hapo,” alisema.

Aliingia jikoni akatoka na sahani yenye kiazi kilichochemshwa na chumvi pembeni, akaiweka juu ya jiwe katikati ya uwanja, akarudi nyuma. Akamwambia ale, na ile chumvi aimalize yote, kwa kuwa mfu hagusi chumvi. Tobia aliinama juu ya jiwe. Alikula. Marta alimtazama koo lilivyopanda na kushuka, na alipohakikisha kimemezwa akachuchumaa, akashika kichwa, akalia. Lakini hakumsogelea. Kilio kilipopungua akamweleza yote akiwa pale pale alipo.

Redio ilitangaza kimbunga. Walipiga simu haikupatikana. Watu wa kanisa waliwasaidia kuulizia, wakajibiwa kwamba waliokuwa kwenye jengo lile wamekufa wote. Walingoja vuli ikapita. Mama yao, Yusta, alikataa katakata matanga. Ukoo ukasema mtu asiyeliliwa hukaa njiani, tena akichoka hukaa kwa watoto wa wenzake. Mchungaji alikataa kusalia mti, na hakukosea. Basi baba yao mdogo, Zabron, ambaye ni mzee wa kanisa, alitundika koti lake la Jumapili kwenye msumari, akaenda kuukata mgomba mwenyewe. Wakauvalisha shati la shule la Tobia, lile ambalo mama alilitarizi jina lake kwenye ukosi. Wakauzika nyuma ya nyumba, Jumamosi ya kuamkia Pasaka.

Tobia aliisikia ile siku ikitajwa. Aliiona tena hospitali iliyo kimya, na muuguzi mlangoni. Akaisukuma pembeni, kama mtu anayesukuma mlango kwa kisigino huku mikono imejaa.

“Na mama?” aliuliza.

Mama yuko ndani, Marta alijibu. Tangu jioni ile ya mazishi hakutoka tena ila kwa kushikwa mkono. Chumvi hagusi. Akiitwa haitiki. Wajukuu wakimpa shikamoo hunyamaza, mpaka wameacha kumwamkia. Walimpeleka hospitali wakaambiwa hana ugonjwa. Wakasema ni huzuni, nini tena.

Tobia alikwenda nyuma ya nyumba akaliona kaburi. Lilikuwa kati ya mibuni miwili, limepandwa masale ya makaburini kwenye pembe nne, na kwenye kibao limeandikwa jina lake. Alikuwa ameandika kurasa nyingi juu ya kaburi la namna hii, na watu wameziandikia nyingine kumpinga na kumuunga mkono, lakini katika kurasa zote hizo hakuna aliyemwambia kwamba ukiliona lako miguu hufa ganzi. Alikaa chini kwenye majani yenye umande, mtu mzima na suti yake.

Zabron alifika na jembe begani, amekasirika kama mtu aliyeitwa kutoka shambani kwa jambo la kijinga. Tobia aliinuka kumwamkia. Mzee aliinua kiganja kabla neno halijatoka.

“Kaa nayo kwanza hiyo shikamoo,” alisema. “Mtu mwenye kaburi haitikiwi.”

Alieleza upesi upesi, macho yake yakiwa kwenye jembe. Mtu aliyezikiwa mgomba akirudi havuki kizingiti kabla kaburi halijafunguliwa. Akiingia nalo limefungwa, itabidi mmoja wa nyumba ile atoke akalijaze. Kwa hiyo lifunguliwe mchana, mwenye kaburi apige jembe la kwanza, mgomba utolewe ukatupwe mtoni. Ndipo aamkie watu waitikie, ndipo aingie kwa mama yake. Halafu, kwa kuwa alikuwa na hasira za miaka, akaongeza, “Mkataa kwao mtumwa.” Tobia, ambaye maisha yake yote aliyajenga juu ya neno lile la mwisho, alilipokea kichwa kimeinama.

Hilo basi ndilo lilikuwa jibu la yule mama wa kisiwani. Nasikitika kusema kwamba hata katika hali ile msomi wetu alifurahi kidogo. Alishaanza kuwaza jinsi atakavyolieleza darasani.

Alipolishika jembe, kidirisha cha chumba cha mama kilifunguka. Ni kidirisha cha mbao, na ndani mlikuwa na giza, hakuna kilichoonekana.

“Msichimbe,” sauti ilisema. “Mwambieni arudi alikotoka.”

Marta aliziba mdomo. Mama yake hakuwa ametoa sauti ya kusikika nje kwa miaka mingi. Tobia aliliacha jembe akaelekea dirishani, na Zabron akamkinga kifua kwa mpini. Akamwambia hata kwa dirisha haifai, angoje.

“Mama, ni mimi,” Tobia alisema kwa mbali.

“Najua ni wewe,” sauti ilijibu. “Nenda, mwanangu. Nenda hivyo hivyo ulivyo.”

Kidirisha kikafungwa. Maneno yale yalimchoma Tobia. Aliyasikia kama mtoto aliyemtupa mzazi anavyostahili kuyasikia: umeniacha, nami nakuacha. Hakumlaumu. Lakini alimtaka, na njia ya kumfikia ilikuwa moja tu, nayo ilipita chini ya miguu yake. Akirudi kwake akiwa mtu aliyefunguliwa kaburi, aliye hai mbele ya watu wote, mama hatakuwa na la kukataa. Marta alisema labda wamsikilize kwanza, wamuulize kwa nini. Zabron akasema mgonjwa hapimi maneno, na kwamba ugonjwa wenyewe utamtoka kaburi likifunguka. Katika hilo la pili alikuwa sahihi kabisa.

Tobia alipiga jembe.

Udongo ulikuwa laini, kana kwamba umefukiwa jana. Waliuchota wawili, baba mdogo na mtoto wa kaka yake wasiosemeshana, na kadiri shimo lilivyozidi ndivyo ilivyopanda harufu ambayo Zabron hakuijua na Tobia aliijua vizuri sana. Ilikuwa harufu ya mwani. Chini kabisa mlikuwa na maji. Zabron alichovya kidole akakiweka kwenye ulimi, akatema haraka.

“Chumvi,” alisema, akawatazama wote wawili. Chemchemi za Mgwashi ni baridi na tamu, na bahari iko mbali chini huko ambako yeye hajawahi kufika.

Walishika mgomba huku na huku wakauinua. Miaka yote hiyo ulipaswa kuwa tope. Ulitoka mzima, mbichi, utomvu ukidondoka mahali panga lilipopita. Nao haukuwa umevaa shati la shule. Ulikuwa umefungwa kanga ya mwanamke, imezungushwa vizuri toka juu hadi chini, na juu yake kilemba kimefungwa fundo la pembeni. Marta aliijua ile kanga. Ilipotea siku ya mazishi, akaambiwa na mama yake asiitafute. Na fundo lile lilifungwa hivyo na mtu mmoja tu katika kijiji kizima.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Yusta alitoka mwenyewe, bila kushikwa, mgongo umenyooka, akatembea hadi nyuma ya nyumba kwa hatua za mwanamke anayewahi soko. Mkononi alikuwa na shati dogo jeupe lililogeuka njano. Aliutazama mgomba uliolala kwenye majani, akaitazama kanga yake.

“Nani aliwaambia aliyelala mle ni Tobia?” aliuliza.

Alilikumbatia lile shati kifuani.

“Mlipokwenda kunawa siku ile, nilifukua kwa mikono yangu. Nikauvua shati lake, nikaufunga nguo zangu, nikafukia. Nilisema kama ni lazima mmoja wetu ahesabiwe huko, nihesabiwe mimi. Yeye aishi alipo, hata kama sitamwona. Sikula chumvi, sikuitika, ili nisivunje nadhiri. Sasa mmenitoa, na kaburi halikai tupu.”

Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nasi neno hilo hulisema kirahisi tu, tukipeana pole. Tobia alisimama ukingoni mwa shimo akaelewa kila kitu kwa mara moja. Alielewa Jumamosi ya hospitali, na ile nenda hivyo hivyo ulivyo. Aliona aibu iliyozidi aibu zote za miaka ile, na pamoja nayo furaha ya ajabu, kwa kuwa hakuwa amekataliwa hata siku moja. Alimgeukia mama yake. Walikuwa karibu kiasi cha kugusana.

“Shikamoo, mama,” alisema.

Mama alikuwa anatazama shimo. Marta alikuwa anatazama huku na huku, ukunguni, mibuni, pembeni ya nyumba.

“Kaka yuko wapi?” Marta aliuliza.

Zabron alisema alikuwa hapa hapa, ameshika jembe, sasa hivi tu. Lakini jembe lilikuwa limelala peke yake juu ya udongo. Marta alikimbia hadi uwanja wa mbele na sauti yake ilisikika ikiita Tobia, Tobia. Kisha ikakoma. Begi lilikuwa pale pale lilipoachwa, na kutoka kwenye zipu yake maji yalikuwa yakivuja taratibu, yakijitengenezea kijito kuelekea mtaroni. Sahani ilikuwa juu ya jiwe. Kiazi kilikuwa ndani yake, kizima, na chumvi yake pembeni.

Tobia alisema tena shikamoo. Alisema kwa nguvu. Ladha ya chumvi ilikuwa kinywani mwake, na sasa ilikuwa nyingi kuliko chumvi ya sahani, ilijaa hadi kooni.

Yusta hakulia. Alipiga magoti ukingoni, akaliinamia shimo, akalitandaza lile shati juu ya maji. Aliliweka sawa mikono, akaukunjua ukosi wenye jina, akaulaza vizuri kwa kiganja, kama alivyofanya kila asubuhi mtoto alipokuwa anakwenda shule. Shati lilinywa maji likaanza kuzama. Aliliangalia mpaka likapotea. Ndipo akafungua kinywa, kwa sauti ya mtu anayemwitikia aliye mbele yake kabisa.

“Marahaba, mwanangu.”

Tobia alimsikia vizuri. Sauti ilimjia kutoka juu.